Mkutano mkuu ulinitoa mimi. Mbunge anatolewa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu wa Dar es Salaam, aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba sisi wananchi wa vijijini hatuna utamaduni wa kuwawajibisha viongozi, kwamba tukishapewa kanga na sahani ya pilau tunalala miaka mitano. Kwenye pilau sibishani naye, nitafika huko. Kwenye kuwajibisha amekosea, na ushahidi ninao mwenyewe, kwa sababu aliyewajibishwa ni mimi.

Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji hapa mkoani Dodoma. Nilichaguliwa Oktoba 2009, na Machi 2012 mkutano mkuu wa kijiji ukanitoa. Sikuugua, sikuhama. Nilitolewa kwa mikono iliyonyooshwa juu mchana kweupe, chini ya mbuyu, na waliohesabu hiyo mikono ni watu niliokuwa nacheza nao bao kila jioni.

Tulikuwa tunajenga darasa. Kila kaya ilitoa debe la mtama na shilingi 5,000, asiye na mtama akaleta uwele. Tukauza, tukanunua mifuko 60 ya saruji, tukaipanga kwenye chumba cha ofisi ya kijiji. Mtendaji alikuwa na ruhusa ya kwenda kuuguza, kwa hiyo ufunguo nikabaki nao mimi. Shemeji yangu wakati huo alikuwa anamalizia fremu ya duka kando ya barabara. Akanijia usiku, kaka wa mke wangu, utamwambiaje hapana? "Mwenyekiti, niazime mifuko kumi na minne tu, zabibu zangu zikitoka Februari naleta yote." Nikafungua mlango, nikampa. Sikuuza, sikula hata senti. Nilijiambia kuazima si kuiba.

Mvua ya mwaka ule iliharibu zabibu zikiwa shambani. Shemeji akawa ananikwepa kwa kupita njia ya kisimani. Ukuta wa darasa ukasimama usawa wa madirisha, watoto wakaendelea kusomea chini ya mti.

Ikafika Machi, mkutano wa robo mwaka. Nilikaa mbele kwenye kiti tulichoazima shuleni, mguu wake mmoja mfupi, ukiinama unayumba. Mtendaji akasoma mapato na matumizi: saruji iliyonunuliwa mifuko 60, iliyotumika 46. Akaenda kwenye mchanga na kokoto haraka haraka, kijana wa watu, alikuwa ananisitiri. Akasimama bibi mmoja, mjane, fimbo mkononi. Akasalimia, "Mbukwenyi," watu wakaitikia. Akasema: "Mimi sikusoma. Naomba mnisaidie, sitini ukitoa arobaini na sita inabaki ngapi?"

Kimya. Nikajibu mwenyewe: "Kumi na minne, bibi."

"Iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

Mhariri, lile neno "ipo" nimelisikia baadaye kwenye redio mara nyingi sana, likisemwa na watu wakubwa wenye tai, kwamba fedha zipo, mpango upo, mchakato upo. Kila nikilisikia nakumbuka kile kiti kilivyoanza kuyumba chini yangu, kti, kti, kti, mpaka watoto waliokaa mbele wakacheka. Nilijibaraguza kama dakika kumi. Nikaja nikasema kweli. Bibi akaketi bila kuongeza neno. Waliobaki ndio walioongea, na waliongea mpaka jua likazama. Wiki tatu baadaye ukaitishwa mkutano maalumu, afisa kutoka halmashauri akaja kusimamia, mikono ikanyooshwa.

Niliuza mbuzi watano kati ya kumi na mmoja, nikarudisha mifuko yote kabla ya Juni. Risiti ninayo mpaka leo kwenye sanduku. Haikuwazuia vijana kunibatiza jina. Hapa kijijini mimi ni Mzee Saruji. Wajukuu zangu wakienda dukani wanaulizwa, "Nyie si ndio wa kwa Saruji?" Nimelizoea.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Dar es Salaam asituambie hatujui kuwajibisha. Tunajua, na tunajua kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kifungu cha 141, inasema mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na ndio unaochagua halmashauri ya kijiji na kuwaondoa wajumbe wake, mmoja au wote. Mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Bibi asiyejua kusoma yumo, na kura yake ni moja sawa na ya mwalimu mkuu.

Sasa panda ngazi uone mahali ilipokatwa.

Mbunge wetu, simtaji jina wala jimbo kwa sababu shida si yake peke yake, alipokuja kuomba kura alisimama chini ya mbuyu uleule. Katikati ya kijiji chetu na shule kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, unavuka na baiskeli begani. Masika maji yanakuja ghafla kutoka milimani wakati kwetu hata wingu hakuna. Mjukuu wangu wa darasa la tatu huvuka viatu amevifunga kamba shingoni na daftari kaliweka kwenye mfuko wa nailoni kichwani. Maji yakizidi magoti anarudi nyumbani, na hiyo ni siku ya masomo imekwenda. Mbunge alionyeshwa lile korongo. Akasema, na mimi niliandika kwenye daftari langu kwa sababu tangu nilipotolewa nimekuwa mtu wa kuandika: "Mkinichagua, masika ya mwaka kesho watoto watapita juu." Alisema "juu" akinyoosha mkono kama anayeuona kabisa mgongo wa kalavati.

Masika manne yamepita tangu hapo. Watoto bado wanapita chini.

Najua kalavati haijengwi na mbunge kwa mikono yake. Kuna halmashauri, kuna wakala wa barabara za vijijini, kuna bajeti, na bajeti haitoshi kila mtu. Akija kutuambia, "Ndugu zangu, niliomba, nikanyimwa, hii hapa barua niliyoandika na hili hapa jibu," tutamwelewa. Nilipotolewa mimi kosa langu kubwa halikuwa ile mifuko, maana ingelipika. Lilikuwa lile "ipo". Tunachodai ni aje asimame, aulizwe, ajibu. Amekuja mara tatu: msiba mmoja, harambee moja ya kanisa, na siku ya kukabidhi saruji.

Hiyo siku ya saruji niiseme, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Alileta mifuko 50 kwa ajili ya nyumba ya mwalimu. Ngoma zilipigwa, akavishwa mgolole, akapigwa picha akiwa ameshika mfuko mmoja upande huu na diwani upande ule. Akasema, "Nimewaletea saruji yangu." Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga makofi. Nikiwa narudi nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba ile ni fedha ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 2009, fedha yake inatoka serikalini, na mbunge ni mwenyekiti wa kamati inayoigawa. Ni ya umma kama ile ya kwetu ya mtama na uwele. Mimi saruji ya umma niliiita ya kuazima, nikavuliwa uenyekiti. Mheshimiwa saruji ya umma ameiita yake, akavishwa mgolole. Simfananishi na mwizi, ile mifuko ilifika na nyumba imejengwa. Nasema tu kwamba hakuna aliyesimama na fimbo kuuliza mwaka ule mfuko wa jimbo ulipata kiasi gani na kiasi gani kilikwenda vijiji vingine. Hata mimi mwenye jina la Saruji sikuuliza.

Kwa nini sikuuliza? Hapa ndipo nafika kwenye pilau.

Mwaka 2010, nikiwa mwenyekiti, niligawa kanga usiku kwa niaba ya mgombea mmoja, siyo huyu wa sasa. Nilipewa furushi na orodha. Nilijua ni kosa. Ile "takrima", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliyokuwa imeruhusiwa kwenye sheria ya uchaguzi Mahakama Kuu ilikwishaifuta mwaka 2006, na mwaka uleule wa 2010 ikawa imetungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Tulisomewa hadi semina. Niligawa hivyohivyo. Yule bibi wa fimbo nilimpa kanga nyekundu. Baada ya uchaguzi nikamkuta kisimani analalamika mashine ya maji imeharibika, nikamwambia, "Bibi, mpigieni mbunge kelele." Akanitazama kwa muda. Akasema, "Wewe si ulinilipa? Mtu akishalipwa anadai nini tena?"

Kile kitambaa hakikufika shilingi 5,000. Ndugu yangu wa Dar es Salaam akisema tunalala, ajue kuna mkono unaotuimbia usingizi, na mara nyingine mkono wenyewe ni wa mwenyekiti wa kijiji.

Ila hata bibi asingepokea kanga, angemhoji mbunge wapi? Hapo ndipo penye hoja yangu. Nimeisoma Katiba ya mwaka 1977 kwa miwani ya kuazima. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na serikali itawajibika kwa wananchi. Maneno matamu. Kisha nenda ibara ya 71, inayotaja mambo yanayomfanya mbunge apoteze kiti. Akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika, kiti kimekwenda. Akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Ina maana chama chake kikimfukuza leo jioni, kesho si mbunge. Nimeitafuta sababu inayosema "wapiga kura wake wakimkataa". Haimo. Waliompa kiti ndio pekee wasioweza kukidai kabla ya miaka mitano, wakati chama chaweza na Spika aweza.

Kuna na lile tamko la mali na madeni ambalo kila kiongozi wa umma hulijaza mwishoni mwa mwaka chini ya Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Ni jambo zuri, lakini linakwenda ofisini mjini. Mimi mali yangu haikuhitaji fomu. Mbuzi kumi na mmoja, baiskeli moja, bati 32, kijiji kizima kilikuwa na hesabu, na mbuzi walipobaki sita kila mtu alijua watano wamekwenda wapi.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba jambo hili lilikaribia kupata dawa. Mwaka 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilizunguka nchi kukusanya maoni. Walipofika kwenye kata yetu nilikuwa nimetolewa miezi michache tu nyuma, nikakaa pembeni karibu na punda. Kijana mmoja, dereva wa bodaboda, akashika kipaza sauti akasema: "Sisi hapa mwenyekiti wetu tumemtoa juzi kwa sababu ya saruji, yule pale amekaa. Tunaomba Katiba ituruhusu na mbunge tumtoe vilevile." Watu wote wakageuka kunitazama, na mjumbe wa Tume naye akageuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini moyoni nilisema, huyu mtoto kasema kweli, na katumia mfano mzuri.

Rasimu ilipotoka ile haki ilikuwamo. Wapiga kura wangeweza kumwondoa mbunge kabla ya muda, mathalani akishindwa kuwasilisha na kutetea kero zao, na ubunge ukawekewa ukomo wa vipindi vitatu. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba likakaa hapa hapa Dodoma. Nilikuwa nauza zabibu Jamatini, na posho ya wajumbe, shilingi 300,000 kwa siku, ilizungumzwa pale stendi kuliko bei ya mafuta. Katiba Inayopendekezwa ilipokabidhiwa kwa Rais Uwanja wa Jamhuri tarehe 8 Oktoba 2014, haki ya kumwondoa mbunge haikuwamo tena, na ule ukomo nao haukuwamo. Ndani ya lile Bunge Maalum wabunge wote walikuwa wajumbe. Ni sawa na kuniachia mimi nipitishe azimio kuhusu mifuko kumi na minne. Mpaka leo hata hiyo Inayopendekezwa haijapigiwa kura.

Nimesikia hoja za upande wa pili, na si za kipuuzi. Wanasema mgombea aliyeshindwa atanunua saini ili amsumbue aliyeshinda, na kwamba chaguzi ndogo ni gharama. Kweli. Wenzetu wa Kenya waliandika haki hiyo kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 104, lakini sheria ya kuitekeleza ikadai saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo pamoja na vikwazo vingine, na mwaka 2017 Mahakama Kuu yao ikafuta baadhi ya vifungu vyake. Sijasikia mbunge hata mmoja wa Kenya aliyeng'olewa kwa njia hiyo. Kwa hiyo sidanganyiki kwamba tukiandika ibara kesho, keshokutwa makorongo yatavukika. Ila mimi nilikaa kwenye kile kiti, na nawaambia kinachomfanya mtu aseme kweli si kutolewa. Ni kujua kwamba anaweza kutolewa na hao hao waliokaa mbele yake.

Kuna siku tulipelekwa bungeni. Sisi watu wa Dodoma tuna bahati hiyo, wengine wanapanda basi siku nzima, siku hizi treni ya umeme, sisi ni saa moja na nusu tu kwa Coaster. Mheshimiwa alitualika thelathini, wakati wa bajeti. Simu tukaacha getini, tukaketi juu kwenye jukwaa la wageni, kiyoyozi kinapuliza hadi wazee wakajikunyata. Tukatajwa, wageni wa Mheshimiwa fulani kutoka jimboni kwake. Tukasimama, tukapunga mkono, wabunge wakagonga meza, tukakaa. Baadaye tukala wali na kuku. Uani nikamsogelea: "Mheshimiwa, lile korongo." Akanishika bega kwa upendo kabisa, akasema, "Mzee wangu, lipo kwenye mpango."

Lipo.

Nikarudi ndani ya Coaster nikawaza jambo moja. Siku nzima ile tulikuwa wageni wake. Alitulisha, akatutambulisha, akatusindikiza, na mgeni hamhoji mwenye nyumba. Chini ya mbuyu angekuwa yeye ndiye mgeni, na sisi ndio wenye nyumba.

Kwa hiyo sisubiri Katiba mpya, nina miaka 67. Mjukuu wangu mkubwa yuko sekondari, nimemwomba afungue tovuti ya Bunge kwenye simu, zile Taarifa Rasmi, kumbukumbu za yanayosemwa bungeni, ziko mle, mtu yeyote anazisoma. Ametafuta jina la kijiji chetu, jina la kata, na neno "kalavati" kwenye michango ya mbunge wetu. Alichopata na alichokosa nimekiandika kwenye daftari, sitakitoa gazetini kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kujibu. Mwenyekiti wa sasa, mama mmoja mkali kuliko mimi, amekubali kuweka ajenda kwenye mkutano wa robo hii: taarifa ya mbunge, maswali kutoka kwa wananchi, mfuko wa jimbo. Siyo mkutano wa chama, na hakuna pilau. Barua ya mwaliko nimeipeleka kwa mkono ofisini kwake, nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Yule bibi wa fimbo bado yuko hai. Macho yamepungua nguvu, lakini hesabu ya kutoa anaifanya vilevile. Ameniuliza mara mbili mkutano ni lini.

Kiti tumeshakiomba shuleni. Ni kilekile. Mheshimiwa akija aegemee upande wa kushoto, mguu wa kulia ndio mfupi.

Wako,
Mzee Saruji,
Mwenyekiti wa zamani wa kijiji, Dodoma
(Jina kamili na kijiji anavyo mhariri)